Kibuyu cha Manga, Soya ya Japani

Kwa Abagusii wa Kisii na Nyamira, nchini Kenya, umri wa mwanamke hauhesabiwi kwa damu yake. Msichana ni omoiseke. Akiolewa anakuwa omosubaati, na atabaki omosubaati hata akizaa mara saba. Kinachomvusha hadi kuwa omong'ina, mama mzee ambaye neno lake lina uzito bomani, ni ndoa ya mtoto wake. Robert na Barbara LeVine, wanaanthropolojia wa Kimarekani waliofanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1950, waliieleza ngazi hiyo kidato kwa kidato, na hakuna hata kidato kimoja kinachotokana na kukoma kwa hedhi. Hedhi huenda ikakoma kabla ya harusi, huenda ikakoma miaka kadhaa baada yake. Mwili una kalenda yake, boma lina yake.

Pwani kalenda ni nyingine. Mwanamke wa Lamu au wa Unguja anayefuata fiqhi ya Kishafi analazimika kujua damu ilikatika lini, kwa sababu sheria inamuuliza. Akiachwa na mumewe, eda yake haihesabiwi tena kwa vipindi vitatu vya tohara kati ya hedhi, inahesabiwa kwa miezi mitatu. Ramadhani anaifunga yote, hana siku za kulipa. Surat An-Nur inamlegezea hata vazi la nje, maadamu hatamani tena ndoa wala hakusudii kujishaua. Hapa kukoma hedhi kumeandikwa katika ibada yenyewe, na hukumu karibu zote zinazofuata zinaelekea kwenye wepesi.

Paris nako lilikuja jambo la tatu. Daktari Charles de Gardanne alilipa tukio hili jina la kitabibu mwaka 1816, akalifupisha mwaka 1821, na tangu hapo likawa na wataalamu wake, vitabu vyake na, baadaye, viwanda vyake vya dawa. Gardanne hakuwa wa kwanza kuona kwamba damu hukoma. Alichoongeza ni mlango wa kliniki, na wanawake wa Ulaya wakaanza kuupitia.

Tofauti hizi za hesabu hazibishaniwi. Linalobishaniwa ni kama zinafika moyoni. Je, hamaki ya ghafla, machozi yasiyo na sababu, usingizi unaokatika saa nane za usiku na ule uzito wa kifua usiotaka kuondoka ni mali ya mwili, na kwa hiyo ni sawa kwa kila mwanamke, au ni mali ya jamii inayomzunguka? Kwa miongo mingi wataalamu walijipanga pande mbili: waliosema homoni ndiyo kila kitu, na waliosema utamaduni ndiyo kila kitu. Mimi naona kwamba ugunduzi wa bakteria wa utumbo umeuharibu mstari huo, na umeuharibu vizuri.

Tuanze na kisichobadilika. Kati ya miaka 45 na 55 hivi, akiba ya mayai katika ovari huisha. Vijijini Kenya umri wa kati umewahi kukadiriwa kuwa kama miaka 48. Estrojeni haishuki kwa utaratibu. Hupanda na kuporomoka ovyo kwa miaka kadhaa kabla ya kutulia chini, na ni kuyumba huko, zaidi ya upungufu wenyewe, kunakoonekana kuwasumbua baadhi ya wanawake. Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili hupoteza kipimo, ndipo yanapokuja mafukuto ya ghafla na jasho la usiku. Projesteroni nayo inapopungua, hupungua pia zao lake moja ambalo kwa kawaida hutuliza ubongo. Tafiti za Marekani zilizofuatilia wanawake wasiowahi kuugua sonona ziliona kwamba katika miaka hii uwezekano wa kupata dalili zake huongezeka takriban mara mbili. Hata hivyo wanawake walio wengi huvuka bila sonona, na jambo hilo nalo linahitaji kuelezwa.

Kisha kuna tumbo. Estrojeni ikishafanya kazi yake, ini huifunga kwa kemikali ili itolewe nje, na nyongo huisafirisha hadi utumboni. Huko inakutana na bakteria. Baadhi yao wana kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidesi, ambacho hukata kile kifungo cha ini na kuiachia homoni irudi katika damu. Mwaka 2011 Claudia Plottel na Martin Blaser wa Chuo Kikuu cha New York waliupa mkusanyiko wa jeni za bakteria hawa jina, estrobolomu. Kwa maneno mengine, kiasi cha estrojeni kinachozunguka mwilini hakiamuliwi na ovari peke yake. Wapangaji wa utumbo nao wana kura. Njia hii ni ya pande mbili. Utafiti mkubwa uliofanywa kati ya Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kuchapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba bakteria wa wanawake waliokwisha koma hedhi wanafanana zaidi na wa wanaume, na kwamba uwezo wao wa kutengeneza kile kimeng'enya umepungua. Homoni ikiondoka, wapangaji hubadilika. Wapangaji wakibadilika, homoni kidogo iliyobaki hurudishwa kwa uchache zaidi.

Kuhusu moyo wenyewe, njia ni ndefu zaidi. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni, na watu hupenda kuitaja hesabu hiyo kana kwamba imemaliza mjadala. Haijamaliza, kwa sababu serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Mawasiliano hupita kwingine: katika mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani hadi tumboni, katika kemikali za kinga, katika asidi ndogo ndogo ambazo bakteria huzitoa wakisaga nyuzinyuzi za chakula. Huko Japani, katika Chuo Kikuu cha Kyushu, Nobuyuki Sudo na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba panya waliolelewa bila bakteria wowote hushtuka kupita kiasi wanapobanwa, homoni zao za taharuki zikipanda kuliko za panya wa kawaida, na kwamba walipopewa aina moja tu ya bakteria wakiwa wangali wachanga walitulia. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba. Mtu mwenye huzuni hula tofauti, hulala tofauti na hutembea kidogo, kwa hiyo bakteria wake wangebadilika hata kama si wao walioileta huzuni.

Lakini hata ushahidi huu mwembamba unatosha kuyumbisha zile pande mbili. Chakula ni utamaduni. Kinapikwa kwa desturi, kinakatazwa kwa miiko, kinagawanywa kwa cheo. Chakula hicho hicho ndicho kinachoamua ni bakteria gani watakaa, na bakteria wanagusa homoni. Utamaduni, basi, haungojei mwili umalize kazi ndipo uje kuutafsiri. Umeshaingia kwa njia ya mdomo.

Japani ndiko jambo hili limesomwa kwa undani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Margaret Lock, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Kanada, alikusanya majibu ya wanawake zaidi ya 1,300 wa Japani wenye umri wa miaka 45 hadi 55, akayaweka kando ya majibu ya wanawake wa Manitoba, Kanada, na Massachusetts, Marekani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1993. Katika wiki mbili zilizotangulia mahojiano, takriban mwanamke mmoja kati ya 10 wa Japani alikuwa amepata fukuto. Kule Marekani Kaskazini ilikuwa kama mmoja kati ya watatu. Haimaanishi kwamba Wajapani hawakuwa na la kulalamikia. Takriban nusu yao walitaja mabega yaliyokaza, malalamiko ambayo orodha za madaktari wa Magharibi hazikuwa nayo. Wakati uleule jamii yao iliwahukumu kwa namna yake: mwanamke aliyelalamika sana katika umri huo alidhaniwa kuwa na muda mwingi na nidhamu haba, mke wa mjini asiye na kazi ya kutosha.

Maelezo ya Lock yalikuwa ya kijamii zaidi, lakini soya ilikuwa mezani tangu mwanzo. Tofu, miso na natto zina kiungo cha mmea kinachofanana kidogo na estrojeni, na bakteria fulani wa utumbo hukigeuza kuwa ekwoli, ambayo ina nguvu kuliko kiungo chenyewe. Hapa ndipo penye utamu wa jambo. Takriban nusu ya watu wazima wa Japani wana bakteria wanaoweza kazi hiyo; Ulaya na Marekani ni robo hadi theluthi. Mpe mwanamke wa Boston tofu ileile kila siku, na huenda tumbo lake lisijue la kuifanyia. Wanaouza vidonge vya soya huiruka aya hii.

Manga haina soya ya kuzungumziwa. Katika vijiji vya safu hiyo ya majabali, mpakani mwa Kisii na Nyamira, sufuria ina mambo mengine: obokima, yaani ugali, wa wimbi, mboga za majani kama chinsaga yenye uchungu wake na rinagu, maharage, ndizi na amabere amaruranu, maziwa yaliyogandishwa. Maziwa hayo yana utaratibu wake. Huchemshwa, yakaachwa yapoe, yakamiminwa kwenye kibuyu chenye mabaki ya mgando uliotangulia, kisha yakaachwa siku kadhaa hadi yakamatane na kuwa na ukali unaosisimua ulimi. Chinsaga nayo hulainishwa kwa maziwa ili uchungu upungue. Watafiti wa Kenya walipoyapeleka maabara amabere amaruranu walikuta humo Streptococcus thermophilus, Lactobacillus plantarum na Leuconostoc mesenteroides, pamoja na hamira za aina kadhaa. Bakteria hao hawakununuliwa dukani. Mgando mmoja huzaa mwingine, na anayejua kibuyu kipi kina mgando mzuri kwa kawaida ni mwanamke mwenye umri.

Ukilinganisha kibuyu na natto unaona kufanana kwa wazi: vyote viwili ni vyakula vilivyokabidhiwa bakteria kabla ya kukabidhiwa mtu. Tofauti nayo ni ya maana. Soya huleta malighafi inayofanana na homoni, na tumbo humalizia. Maziwa ya kibuyu huleta bakteria wenyewe, wengi wao wapita njia wasiokaa sana utumboni, wala hayana malighafi kama ile. Labda tuitafute upande wa nafaka, kwa kuwa nafaka zisizokobolewa zina viungo vingine vya mimea ambavyo bakteria huvigeuza kuwa enterolaktoni, jamaa wa mbali wa estrojeni. Wimbi lina nyuzinyuzi nyingi na kalisi nyingi kuliko nafaka karibu zote, na kalisi ni rafiki wa mifupa ya mwanamke wa umri huu. Siwezi kwenda mbali zaidi ya hapo bila kuuza dawa. Tena tusiichore Manga ya makumbusho: mashamba yamegawanywa yakawa vipande, majani chai yamechukua nafasi, na mezani unga mweupe wa mahindi umelisogeza wimbi kando, ukifuatwa na mkate na chai yenye sukari nyingi. Kijijini siku hizi kibuyu na mkate hukaa kwenye rafu moja.

Yucatan, Meksiko, inatia adabu nadharia zote mbili. Yewoubdar Beyene, mtafiti mzaliwa wa Ethiopia, aliishi na wanawake wa Kimaya na baadaye na wanawake wa vijijini kwenye kisiwa cha Evia, Ugiriki, akachapisha ulinganisho wake mwaka 1989. Wamaya hawakumtajia mafukuto hata kidogo. Wengi waliungojea mwisho wa hedhi kwa hamu. Wagiriki waliyataja, lakini hawakuyahesabu kuwa ugonjwa. Watafiti waliporudi kwa Wamaya na kupima damu, walikuta homoni zao zimeshuka sawasawa na za Wamarekani, na mifupa yao ilikuwa imepungua uzito, ila haikuvunjika. Homoni ileile, simulizi tofauti. Beyene alielekeza kidole kwenye chakula na kwenye uzazi pia: mwanamke anayezaa na kunyonyesha karibu bila kupumzika hupata hedhi chache sana maishani. Hoja hiyo inagusa Ugusii moja kwa moja, kwa sababu katika miaka ya 1970 wanawake wa huko walikuwa miongoni mwa wazazi hodari zaidi duniani, wastani ukipita watoto wanane. Mwili uliozoea miaka mingi ya mimba na kunyonyesha huenda ukaupokea mwisho kwa namna tofauti na mwili uliopata hedhi kila mwezi kwa miaka 35. Wajukuu wa wanawake hao leo wanazaa watatu au wanne. Kama Beyene yuko sahihi, mafukuto ya Manga ya mwaka 2040 hayatafanana na ya mwaka 1975, hata kibuyu kikibaki kilekile.

Ila kuna swali ambalo takwimu za mafukuto hazijibu: nani anaruhusiwa kuyasema? Ugusii una chinsoni, zile kanuni za haya na heshima zinazotenganisha kizazi na kizazi kinachokifuata. Mama hazungumzi na mwanawe mambo ya mwili; bibi na mjukuu wanataniana bila woga. Maarifa ya mwili huruka kizazi. Pwani inafanana na Ugusii hapo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mama wa Kiswahili hamfundi bintiye mwenyewe, humkabidhi kwa somo au kungwi. Tofauti ni kwamba somo ana wadhifa na ada, ilhali bibi wa Kigusii ana undugu tu. Na pande zote mbili mafunzo hayo yamejaa mwanzo, yaani kuvunja ungo, ndoa na unyumba. Kuhusu mwisho, wafundaji huwa na machache.

Sasa nitasema jambo ambalo ni fikra yangu, halijapimwa na mtu. Katika masimulizi ya Abagusii, omorogi, mchawi, hutembea usiku, uchi, akiwa na chungu cha moto. Mfikirie mwanamke wa miaka 50 anayeamka saa tisa za usiku amelowa jasho, anatupa blanketi, anafungua mlango na kusimama uwanjani nusu uchi ili baridi ya mlima imtulize. Manitoba angefungua dirisha na wiki inayofuata angemsimulia daktari. Kobe, Japani, angenyamaza, akahofia kuonekana mvivu. Manga anaweza kuhofia kuonekana, basi. Hofu hiyo si ya kubuni: Mei 2008, katika Kisii, watu wapatao 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa moto kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma hizohizo. Wengi wa waliouawa walikuwa na umri mkubwa kuliko huu tunaouzungumza, na nyuma ya tuhuma kama hizo mara nyingi kuna ugomvi wa ardhi, misiba isiyoelezeka na maneno ya watu. Sisemi fukuto liliua mtu. Ninachosema ni kwamba dalili ileile ina bei tofauti mahali tofauti, na mtafiti anayeuliza "Je, unaamka usiku?" bomani Ugusii anauliza swali zito kuliko anavyojua. Jibu la "hapana" linaweza kuwa la tumbo lenye afya. Linaweza pia kuwa la mwanamke mwenye busara.

Haya yasitufanye tuinyooshee Manga kidole, kwa sababu Ulaya ilikuwa na moto wake na baadaye ikawa na kuta. Katika karne ya 19, rejista za hospitali za wendawazimu za Uingereza ziliandika umri wa kukoma hedhi kuwa chanzo cha wazimu. Emil Kraepelin, daktari wa Kijerumani, alitenga aina nzima ya huzuni ya umri huo, na utambuzi huo ulibaki katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani hadi mwaka 1980 ulipofutwa kwa kukosa ushahidi. Mwaka 1966 Robert Wilson, daktari wa New York, aliwatangazia wanawake kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu na kwamba estrojeni itawafanya wabaki wa kike milele. Vidonge vikauzwa mno. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani ulisimamisha jaribio la mseto wa estrojeni na projestini baada ya kuona ongezeko la saratani ya matiti na kiharusi, na mamilioni wakaacha dawa. Leo madaktari wamerudi katikati: kwa mwanamke mwenye afya aliye karibu na mwanzo wa safari hii, faida mara nyingi huzidi hatari. Na tuwape haki yao. Majaribio yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha kwamba tiba ya homoni hupunguza idadi ya mafukuto kwa takriban asilimia 75. Hakuna ushahidi kwamba maziwa ya kibuyu, au soya peke yake, yanakaribia hapo.

Wapo wanaouliza swali la nyuma zaidi: kwa nini mwanamke aishi baada ya mayai kuisha? Jibu moja mashuhuri, na pingamizi lake, vyote vimetoka Afrika Mashariki. Kando ya ziwa Eyasi, Tanzania, Kristen Hawkes na wenzake waliwatazama bibi wa Kihadza wakichimba mizizi na kuwalisha wajukuu, wakahitimisha kwamba bibi ndiye sababu. Lakini huko Ngogo, katika msitu wa Kibale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta sokwe jike wanaoishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma, na sokwe hao hawaleti chakula kwa wajukuu, maana binti huondoka akaingia kundi jingine. Boma la Kigusii, ambamo binti huolewa mbali na bibi hubaki na watoto wa wanawe wa kiume, halikai sawasawa na Eyasi wala na Kibale. Nadharia zitavumilia.

Hao Wahadza pia ndio waliowashangaza wataalamu wa bakteria, kwa wingi wa aina ambazo matumbo ya California hayana. Tangu hapo Afrika imeanza kupimwa kwa bidii, ila kipimo kina mapengo ya ajabu. Mwaka 2025 madaktari wa Uholanzi na wa hospitali ya KCMC, Moshi, walichapisha jaribio zuri la Kilimanjaro: watu 77, baadhi yao wakahamishwa kwa wiki mbili kutoka chakula cha kienyeji kwenda cha Kizungu, wengine kinyume chake, wengine wakanywa mbege, pombe ya ndizi. Chakula cha Kizungu kilichochea uvimbe wa ndani ya mwili. Cha kienyeji na mbege viliutuliza. Wote 77 walikuwa wanaume. Mwaka huohuo ulitoka uchunguzi wa bakteria wa wanawake watu wazima 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, Wakenya wakiwa wakazi wa Nairobi, ukafichua viumbe ambavyo sayansi haikuwa navyo kwenye orodha. Wanawake wapo, umri upo, bakteria wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza wamelalaje na mioyo yao ikoje.

Mahali pa kuuliza huenda pakawa mbali na Manga. Abagusii wengi wamehamia Minnesota, Marekani, na vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, kama Brooklyn Park, vina makanisa na maduka yao. Katika jimbo hilohilo ulifanyika utafiti uliotoka mwaka 2018 juu ya wanawake wa Kihmong na Kikaren, zaidi ya 500, walioko Thailand na waliohamia Marekani. Miezi michache tu baada ya kufika, bakteria wasaga nyuzinyuzi walianza kupotea, nafasi yao ikachukuliwa na wale wa Kimarekani, na watoto wao walipoteza zaidi. Hakuna sababu ya kudhani tumbo la Nyamira litafuata njia nyingine. Zaidi ya hapo, utafiti wa muda mrefu wa Marekani uitwao SWAN ulikuta kwamba mafukuto ya wanawake weusi wa nchi hiyo hudumu kwa wastani wa kati wa miaka 10.1, ya Wamarekani wenye asili ya Japani miaka 4.8. Kwenye fomu ya kliniki mama wa Kigusii ataingizwa katika kundi la kwanza, ingawa tumbo lake, uzazi wake na usiku wake havikutoka huko.

Atakachopata huko ni kiraka cha estrojeni cha kubandika ngozini, ambacho huingiza homoni katika damu moja kwa moja bila kupita kwanza tumboni na kwenye ini; jiko, kwa mara ya kwanza katika simulizi hii, halishirikishwi. Atakachokosa ni usiku wenyewe, maana wengi wa wanawake hawa hufanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, na saa tisa za usiku, fukuto linapowapata, wako macho zamu, wanageuza wagonjwa. Baadhi ya bibi wanaowageuza wana miaka 90 na zaidi, walimeza estrojeni tangu miaka ya 1980 na wakaambiwa waiache mwaka 2002. Umri uliopo kati yao ni wa bibi na mjukuu, kwa hiyo hata kwa kanuni za Ugusii hawa wawili wana ruhusa ya kutaniana na kulinganisha.